MASIKA YAKIKATIKA, NANI ATATIA MAJI?

Mwezi wa Mei unapokaribia kwisha, mvua za masika huaga pwani yetu. Upepo wa kusi huwa umekwisha kushika njia yake, mawingu hupita pasipo kushusha kitu, na mkulima aliyekuwa akitazama mbinguni huanza kutazama kisima. Katika majuma hayo hayo, au karibu nayo, Mama Kanisa hufunga siku za Pasaka kwa sherehe ya Pentekoste. Mshumaa wa Pasaka huondolewa karibu na altare, na zikiisha pita sherehe za Utatu Mtakatifu na za Ekaristi, mapadre huvaa kijani Jumapili baada ya Jumapili, bila shangwe kubwa ya kuzitenganisha. Nyakati hizi mbili zakutana vizuri. Ndiyo maana leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu, wa bara na wa pwani, hata kisiwa cha Juani, tukaitazame bustani ya mboga wakati mvua inapoiacha.

Juani iko kusini mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia. Wengi wamesikia habari zake kwa sababu ya magofu ya Kua, mji wenye misikiti na jumba la mawe, ulioangamia mwanzoni mwa karne ya 19 uliposhambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Wengine wamesikia habari za kasa wanaopanda fukwe zake za mashariki kutaga mayai. Ni wachache wanaojua kwamba Juani ni shamba pia, tena si shamba la wenyeji wake peke yao: watu wa Chole, kisiwa kidogo cha jirani, tangu zamani wamevuka maji kwenda kulima huko. Nao hawakuvuka kwa sababu ardhi ya Juani ni nono. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mwamba wa matumbawe, nchi ambayo watu wa pwani huiita maweni. Udongo hukaa katika mifuko ya mwamba, hapa kiasi cha sinia, pale kiasi cha kitanda, na jembe likishushwa bila kuangalia hutoa cheche. Mtu hapandi kwa kufuata kamba iliyonyoshwa. Hupanda mahali udongo ulipo.

Mkristu akisimama mahali kama hapo hukumbuka mara moja mfano wa mpanzi. Tumezoea kuuhubiri kwa namna moja: mwamba ni moyo mgumu, na mwenye moyo huo hatazaa. Lakini tuisome Injili polepole. Bwana wetu Yesu Kristu hakusema kwamba mbegu ilikataa kuota penye mwamba. Alisema iliota upesi, kwa kuwa udongo haukuwa na kina. Jua lilipopanda, ikaungua. Naye Mt. Luka, mganga aliyezoea kutafuta chanzo cha maradhi, ataja sababu yake: ilikosa unyevu. Basi kasoro haikuwa katika kuota. Ilikuja baada ya kuota, siku zile ambazo mpanzi alikuwa amekwisha kwenda zake. Mkulima wa maweni akiusikia mfano huo hausikii kama hukumu tu. Ausikia pia kama orodha ya kazi. Penye udongo haba hutia samadi na majani yaliyooza. Penye jua kali hutandaza nyasi juu ya shina ili unyevu usikimbie. Penye ukame hubeba ndoo.

Kitalu cha miche katika nchi kama hiyo si kitu cha fahari. Ni tuta dogo karibu na nyumba, la udongo uliochekechwa na kuchanganywa na samadi, na juu yake kichanja cha miti minne kilichoezekwa makuti machache, kiasi cha kupitisha nusu ya mwanga. Chini yake huota nyanya, biringanya, nyanya chungu na pilipili. Bamia na mchicha havihitaji kudekezwa hivyo. Mbegu zake humwagwa moja kwa moja shambani, na mchicha ukisongamana hupunguzwa, hiyo ikawa mboga ya kwanza ya nyumba. Makuti yale yana kazi mbili. Wakati wa masika huvunja nguvu ya matone mazito yasije yakailaza miche michanga. Masika yakiisha, huizuia isichomwe na jua.

Mche wa nyanya hukaa kitaluni majuma manne hata sita. Katika juma la mwisho mtunzaji aanza kuondoa makuti: kuti moja leo, jingine keshokutwa, na maji ayapunguza kidogo kidogo, pasipo kuuacha mche unyauke. Mabwana shamba huiita kazi hii kukomaza miche. Shina lililokuwa laini lapata ugumu, na jani lazoea jua. Ndipo jioni, jua likipunga, mche hung'olewa pamoja na udongo wake, hupandikizwa, hutiwa maji papo hapo, na hufunikwa kwa kipande cha kuti siku mbili tatu. Anayeutoa mche kivulini na kuutupa juani saa sita za mchana, akirudi kesho na kuukuta umelala, asiilaumu mbegu.

Sasa na tuseme wazi jambo lililotuleta kisiwani.

Kila mwaka, katika Mkesha wa Pasaka, parokia zetu hubatiza watu wazima na vijana. Wamekaa katika mafundisho mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Katekista aliwajua kwa majina. Asiyefika darasani aliulizwa. Walisali pamoja, walifagia kanisa pamoja. Ukafika usiku ule mtakatifu, maji yakamwagwa, vigelegele vikapigwa, picha zikapigwa pia, na Jumapili ya pili ya Pasaka darasa likafungwa. Katekista akaanza kundi jipya. Msimamizi wa ubatizo akarudi kwake, pengine mtaa wa mbali, akiwa amebaki na picha. Makuti yote yakaondolewa siku moja. Ikifika Julai, mtu yule hatumwoni tena kanisani, nasi twatikisa kichwa na kusema kwamba hakuwa na nia ya kweli, kwamba alitaka cheti cha kufungia ndoa tu. Labda. Lakini je, tuliangalia kama mizizi ilikuwa imeshuka? Nani kati yetu alikwenda na ndoo?

Kanisa lilikwisha kuliona jambo hilo zamani kabla yetu. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristu, uliotolewa Roma mwaka 1972, hauishii kwenye maji ya ubatizo. Waagiza kwamba siku zote za Pasaka, hata Pentekoste, ziwe siku za kuwasindikiza wabatizwa wapya: wawe na mahali pao katika Misa, wafafanuliwe mafumbo waliyoyapokea, na jumuiya nzima iwazunguke. Hicho ndicho kichanja kinachofunuliwa kuti kwa kuti. Haitupasi kubuni kitu kipya. Yatupasa kutenda kilichoandikwa.

Mt. Paulo, alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakigombana juu ya walimu wao, aliwakumbusha kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na Mungu ndiye aliyekuza. Mahubiri juu ya Paulo mpanzi tumeyasikia mengi, na juu ya Mungu mkuzaji ndiyo yanayotupasa kuliko yote. Juu ya Apolo ni nadra. Hana sikukuu inayosimamisha kazi, wala barua yenye jina lake katika Biblia. Alitia maji. Matendo ya Mitume yatuambia jinsi yeye mwenyewe alivyotiwa maji kwanza. Alitoka Aleksandria, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, lakini alikuwa akijua ubatizo wa Yohane peke yake. Mke na mume, Priskila na Akwila, mafundi wa kushona mahema, walimsikia akisema katika sinagogi la Efeso. Hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi. Baadaye, alipovuka kwenda Akaya, aliwafaa sana waamini wa huko. Basi maji aliyoyamwaga Korintho yalikuwa yamechotwa katika nyumba ya watu wa ndoa wenye kazi za mikono. Tungependa kila baba na mama anayesoma ukurasa huu ayafikiri hayo kabla ya kusema kwamba kulea imani ni kazi ya padre.

Hilo ni kosa la upande mmoja, la kuondoa kivuli mapema. Liko kosa la upande wa pili, nalo lafanywa zaidi na wazazi wenye uwezo kidogo.

Miaka hii vitalu nyumba vimeenea nchini, yale mabanda ya nailoni na nyavu yanayofunika mimea tangu mbegu hata mavuno. Serikali nayo imeviingiza katika mafunzo ya vijana. Hatuna neno juu yake. Nyanda za baridi vimewafaa wengi. Lakini pwani, penye joto na unyevu, banda la nailoni lisilopitisha hewa hugeuka tanuri. Joto likipita nyuzi 35, chavua ya nyanya hupoteza nguvu, maua hupukutika, na mwenye banda hubaki na majani mazuri ya kutazama. Tena ugonjwa ukiingia humo ni vigumu kuutoa. Kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika ya Kusini aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, akipenya tundu moja la wavu hustarehe ndani kuliko nje, kwa kuwa maadui zake wamefungiwa mlango. Mnyauko wa bakteria ukishika udongo hauna dawa ya kupulizia. Tiba ni kung'oa, kuchoma, na kupumzisha ardhi kwa zao la jamii nyingine. Ndiyo maana katika pwani ya joto kivuli cha wavu au cha makuti, kilicho wazi pande zote, mara nyingi hufaa kuliko banda lililofungwa.

Wako wazazi Wakatoliki wanaowatia watoto wao katika banda la namna hiyo. Mtoto hupelekwa shule ya bweni ya masista au seminari ndogo akiwa mdogo. Ada yalipwa kwa jasho, nasi twaiheshimu jasho hiyo. Na moyo wa mzazi hutulia kwamba imani ya mtoto imekabidhiwa kwa wenye kuijua. Likizo akirudi, nyumbani hakuna sala ya jioni, baba hajulikani lini aliungama, na hakuna anayemwuliza mtoto amejifunza nini. Shule ikiisha akaenda mjini kutafuta kazi, jua la Dar es Salaam lamkuta na shina laini. Shule ilifanya kazi yake. Shule zetu zilitunza miche mingi ya nchi hii, na hatutazisema vibaya. Kilichokosekana ni lile juma la mwisho: kupewa jambo dogo la kuamua, kuachwa akosee akiwa bado karibu na anayempenda, kusali mwenyewe bila kengele. Kazi hiyo haifanyiki bwenini. Hufanyika nyumbani, siku za likizo, tena yachukua saa nyingi kuliko fedha.

Hata mtunzaji mwema hupigwa na dhoruba. Tarehe 4 Mei, 2024, siku za Pasaka zikiwa hazijaisha, kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilitua Mafia. Kwa Kiswahili hidaya ni zawadi, nasi hatutasema zaidi juu ya waliochagua jina hilo. Vimbunga ni haba katika pwani yetu, lakini si vigeni. Aprili 1952 kimoja kiliipiga Lindi. Na Aprili 1872 tufani iliyoangusha mikarafuu na minazi ya Unguja iliivunja pia misheni ya Bagamoyo, ambayo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameianzisha mwaka 1868, wakilima pamoja na watoto na watu waliokombolewa utumwani. Miaka minne ya kufyeka na kupanda, ikang'olewa. Waliokuwa wakilima pale wengi walikuwa wamekwisha kuona mabaya kuliko tufani. Wakajenga tena, wakapanda tena, na misheni hiyo ipo hata leo.

Twasema hayo kwa ajili ya wazazi wanaosoma kwa uchungu, waliotia maji kila jioni na bado mtoto akaenda zake. Bustani ya kisiwani yaweza kutunzwa sawasawa na bado chumvi ya mawimbi, ikipeperushwa na upepo, ikayaunguza majani yake usiku mmoja. Mungu hawahesabii wazazi hao dhambi ya upepo. Mt. Monika alimlilia Augustino miaka mingi kabla hajabatizwa huko Milano mwaka 387, na hakuna padre aliyemwambia kwamba alimwagilia vibaya. Wanachoombwa ni kutoling'oa tuta.

Zamani, kabla ya kalenda ya Kanisa kutengenezwa upya mwaka 1969, waamini kila mahali walizunguka mashamba kwa litania siku tatu zilizotangulia Kupaa Bwana, desturi iliyoanzishwa na Askofu Mamertus wa Vienne, Ufaransa, katika karne ya tano, nchi yake ilipokuwa na mikasa. Leo wakati na namna ya maombi hayo vimeachiwa maaskofu wa kila nchi. Twaona ni hasara ikiwa mahali fulani yamesahauliwa kabisa. Parokia yenye bustani yaweza kuchagua tarehe 15 Mei, sikukuu ya Mt. Isidori Mkulima, kibarua wa shamba la mtu mwingine karibu na Madrid, aliyeandikwa katika orodha ya watakatifu mwaka 1622 siku moja na Ignasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri na Teresia wa Avila. Kibarua katikati ya waanzilishi wa mashirika na wamisionari wakuu! Mkewe Maria naye huheshimiwa kama mtakatifu.

Turudi Juani kwa neno moja la mwisho, nalo ni la maji yenyewe. Katika visiwa vidogo vya matumbawe, maji matamu ya mvua hushuka katika mwamba na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyomo chini, kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Ni tabaka tu. Mwenye kisima akichota kwa pupa, maji ya chumvi hupanda, na kisima chaharibika, si kwake peke yake bali kwa wote wanaochota karibu. Ndiyo maana katika nchi kama hiyo mtu huchota kwa kiasi, tena kwa kumfikiri jirani, na mche hutiwa kikombe shinani badala ya kumwagiwa ndoo. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo. Mchicha huvumilia zaidi. Kila mmea hupewa kwa kadiri yake. Watu wa Mafia wengi mno ni Waislamu, na Wakristu huko ni wachache. Hatuoni haya hata kidogo kuwaambia wasomaji wetu kwamba subira hii ya kisima twaweza kujifunza kwa jirani anayesali namna nyingine. Na kwa wale wachache wetu walioko visiwani, waalimu, wauguzi na watumishi wa Serikali waliohamishiwa mbali na parokia zao, twasema hivi: udongo kiasi cha sinia watosha mche mmoja.

Basi tuombe jambo moja la kutendeka. Kitabu cha Ubatizo kimo katika ofisi ya kila parokia, na ndani yake, pamoja na kila jina la Mkesha wa Pasaka, limo jina la msimamizi. Katekista na akifungue Jumapili ijayo baada ya Misa, amwite msimamizi mmoja mmoja kando, amwulize ni lini mara ya mwisho alipobisha hodi kwa mtoto wake wa ubatizo. Asiyeweza kujibu na aende kabla ya sikukuu ya Mt. Petro na Mt. Paulo, tarehe 29 Juni. Asiende na hotuba. Aende na kitu cha kutia chunguni, hata fungu la mchicha, aketi, aulize habari za nyumbani, na akiondoka aseme ni siku gani atarudi.